Brekipointi kwenye diboga ya keneli: inasimama vizuri, nikisema endelea inavurugika

kijana_wa_mikindani
Wakuu habari za mida hii. Nipo Mtwara, naandika kakeneli kangu (kiini cha mfumo endeshi) ka x86 biti 64, naiendeshea ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta), na diboga yake (programu ya kuchunguza makosa) nimetengeneza mwenyewe inaongea kupitia seriali, mpaka sasa inasoma memori na rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) basi. Nataka kuongeza brekipointi (sehemu ya kusimamisha kodi). Naenda kwenye anwani naandika baiti 0xCC (amri ya int3), eksepsheni (prosesa inakatiza kazi na kuita kodi maalumu) namba 3 inakuja fresh, diboga inasimama, ila nikisema endelea ni vurugu, mara amri isiyojulikana mara inarestati yenyewe. Na msinambie nitumie gdb (diboga iliyo tayari), nataka kujifunza.

fundi_shangani
Kuweka ndo sehemu rahisi mkuu, shughuli iko kwenye kuondoka. 0xCC ikishafanya kazi RIP (rejista yenye anwani ya amri inayofuata) inakuwa imeshaipita, sasa kama amri uliyoifunika ilikuwa na baiti tano, prosesa inaendelea kuanzia baiti ya pili, inasoma takataka. Tunza baiti ya asili kwenye jedwali lako, ukisimama irudishe, halafu punguza RIP kwa 1. Punguza ile iliyohifadhiwa kwenye steki ya eksepsheni maana ndo iretq (amri ya kurudi toka kwenye eksepsheni) inayoichukua.

kijana_wa_mikindani
Aisee imekubali! Ila sasa inasimama mara moja tu, nikipita tena pale haishtuki.

fundi_shangani
Si umeshaitoa? Kabla ya iretq washa TF (ya kwenda amri moja moja), ni biti ya 8 ya RFLAGS, rejista ya bendera za prosesa. Itafanya amri moja tu kisha inakurudia kwa eksepsheni namba 1, hapo andika tena 0xCC, zima TF, achia. Kwenye hiyo amri moja zima na IF (biti inayoruhusu vifaa kukatiza prosesa), la sivyo taima inaweza kuingilia kati ukajikuta kwenye kazi nyingine kabisa na brekipointi haipo. Afu chunga pushf (amri ya kusukuma RFLAGS kwenye steki), itahifadhi TF yako kwenye steki, hiyo inahitaji kusafishwa kwa mkono.

mdau_lindi
Naongezea kidogo toka huku Lindi, umeme umerudi sasa hivi. Hii njia ni salama kwenye kori (kitengo cha prosesa) moja tu, zikiwa nyingi ile dakika baiti ya asili imerudi kori nyingine inapita kama hakuna kitu, so zisimamishe zote kwanza, wengi wanatumia NMI (ukatizaji ambao IF haiuzuii). Na usiweke brekipointi kwenye kodi ya diboga yenyewe au ya eksepsheni, inajiita mpaka steki inaisha, triple fault, mashine inarestati. Mi ningeanza na DR0 mpaka DR3 (rejista za brekipointi za prosesa yenyewe), hazigusi memori kabisa.

fundi_shangani
Ziko nne tu mkuu, na kila kori ina zake. Pia brekipointi ya DR inalia kabla amri haijafanyika, RIP haipunguzwi, ila usipowasha RF (biti ya RFLAGS ya kuipita brekipointi mara moja) utabaki unasimama palepale. Mimi DR naziachia kuvizia nani anaandika kwenye anwani fulani, hapo 0xCC haikusaidii.

mdau_lindi
Hapo sibishi. Ila siku akifanya kurasa za kodi ziwe za kusoma tu, 0xCC itagoma kuandikika mpaka azime WP (biti ya kuzuia kuandika) kwenye CR0 (rejista ya udhibiti) kwanza.

kijana_wa_mikindani
Bado sijafika huko, kurasa zangu zote zinaandikika 😅 na kori ni moja. Naweka TF usiku huu, za NMI ntakuja kuwasumbua.