Ramani ya nani anamfuata nani Kigoma: kuwa wazi mtandaoni ndiyo ruhusa ya kuchorwa?

Mtoa mada

Wakuu, habari zenu. Nina jambo linaloninyima usingizi, naomba tulijadili kwa uzito wake.

Kwa miezi kadhaa, jioni nikishafunga kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi pale Mwanga, nimekuwa nikitengeneza tovuti. Hailipi, haina tangazo hata moja, ni mapenzi tu. Inachora akaunti za wazi za watu wa Kigoma mjini na Ujiji: kila akaunti ni nukta, na anayemfuata mwenzake anaungwa naye kwa mstari. Majina nayachukua kwa mkono, naandika kwenye jedwali lenye safu mbili: nani, anamfuata nani. Halafu programu inafanya kazi yake. Nukta zinasukumana, mistari inazivuta kama springi, na baada ya sekunde chache wanaofahamiana wanajikuta wamekaa pamoja bila mimi kuwapanga.

Mwanzoni lilikuwa fundo la nyuzi, husomi kitu. Nikabakiza mistari ya wanaofuatana pande zote mbili tu, ndipo picha ikafunguka. Wenye boti wa Katonga huku, wanakwaya kule, mashabiki wa mpira, wauza vitenge. Na kati ya kundi la Kibirizi na kikundi kidogo cha watu wa Uvira, Kongo, na Bujumbura, Burundi, ikaonekana nukta moja, ya mtu mwenye wafuasi wachache kabisa. Ukiiondoa hiyo, pande mbili zinaachana. Wanaosoma mitandao ya watu huiita daraja. Niliipenda kuliko zote. Nikaipaka rangi ya chungwa, nikaandika jina la mwenyewe.

Mwenyewe ni mama anayeuza dagaa Kibirizi. Mwanawe alimwonyesha kwenye simu, kesho yake asubuhi akaja kibandani. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akaufuata mstari taratibu mpaka Uvira. "Mwanangu, huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Nani kakwambia utuanike?" Nikamjibu kwamba akaunti zao ziko wazi, kila mtu anaweza kuziona. Akasema: "Kuona, wanaona. Wewe umetupanga."

Mtu wa Kigoma haelezwi neno hilo mara mbili. Ziwa halijatutenga na ndugu zetu wa ng'ambo, na wengi wetu tumeshaulizwa uraia wetu kwa sababu ya jina au lafudhi tu. Yule mama hakuogopa teknolojia. Aliogopa mtu mmoja atakayeutazama mstari ule akiwa na nia yake.

Msimamo wangu sasa ni huu: mstari una ncha mbili, kwa hiyo ruhusa ya mtu mmoja haitoshi, na ukimya si ruhusa. Kumbukeni Facebook. Kabla ya kubana masharti mwaka 2015, programu iliyokubaliwa na mtu mmoja iliweza kuchota na taarifa za marafiki zake. Katika sakata lililolipuka mwaka 2018 la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa siasa iliyopata taarifa za watu kupitia programu ya maswali ya Facebook, walioifungua programu hiyo walikuwa takribani laki 3, lakini Facebook yenyewe ilikiri kwamba huenda walioguswa walifika milioni 87. Hao wengine hawakubonyeza chochote. Rafiki yao ndiye aliyebonyeza.

Je, niifute tovuti, niiache, au kuna njia? Nawasilisha.

Mdau wa Isevya, Tabora

Mkuu, huyo mama ana haki zake, ila naona unataka kuchoma nyumba kwa sababu ya panya. Mimi nauza asali. Kwenye ramani yako nilikuta watu wawili wa Ujiji wanaofahamiana na wafungashaji ambao nilikuwa siwajui kabisa, nikawapigia, sasa tunafanya biashara. Hilo bila mistari lisingewezekana.

Na tuseme ukweli: ramani hiyo ipo tayari. Simu inapokuletea "huenda unamfahamu", inaisoma ramani hiyohiyo, kubwa kuliko yako mara elfu, na iko mikononi mwa makampuni ya mbali ambayo mama wa Kibirizi hawezi kwenda kuyanyooshea kidole. Ukifuta yako, kwao haufutiki mstari hata mmoja. Kitakachobaki ni wao kutujua na sisi kutojuana. Mtu aliyeacha akaunti wazi ameamua kuonekana. Asiyetaka aifunge.

Mwalimu, Kasulu

Hilo la "aifunge" silikubali, maana wengi hatujui hata inafungwaje. Simu tumewashiwa na vijana wetu. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Usidhani kwa kuwa ni hobi basi hakuna anayeweza kukuuliza. Ushauri wangu ni mwepesi: futa majina, weka namba. Maumbo ya makundi yatabaki, watu hawatajulikana.

Mtoa mada

Mwalimu, nilijaribu hilo juzi. Nikafuta majina yote, nikamwita bodaboda anayeegesha nje ya kibanda, nikamwonyesha ile nukta ya chungwa. Akauliza hili kundi ni la nani, nikamwambia ni la Kibirizi. Hakumaliza dakika. "Si mama fulani yule, mwenye ndugu Uvira?" Kigoma ni mji mdogo. Mistari yenyewe ndiyo jina.

Ndugu wa Isevya, umenigusa, na ndiyo maana siifuti. Lakini hoja kwamba wakubwa wanayo hainipi mimi haki ya kuwa mdogo wao. Tangu mwaka 2000 kuna utaratibu uitwao FOAF (Friend of a Friend, yaani rafiki wa rafiki), ulioanzishwa na Dan Brickley na Libby Miller, ambapo mtu huandika mwenyewe kwenye faili lake kuwa anamfahamu nani. Nafuata wazo hilo na kulibana zaidi: mstari unatokea pale tu wote wawili wanapoandika. Akijitoa mmoja, unafutika siku hiyohiyo. Jedwali la zamani nimelifuta, na nakala iliyokuwa kwenye flashi pia.

Ramani imebaki nyeupe karibu yote, na inauma. Duka lako la asali nimeliweka, na mmoja wa wale wawili wa Ujiji ameshajibu. Mstari wa pili unamsubiri mwenzake.