Nyambizi ya watu wawili: trela, kreni au jukwaa la kuzama?

FundiKiel: Wakuu, hapa karakana kwetu Kiel, Ujerumani, tunamalizia nyambizi ya watu wawili, tani mbili na nusu hivi. Kuchomelea hakunisumbui, kinachoninyima usingizi ni kuiingiza majini na kuitoa. Trela tunalo. Meli yenye kreni ni pesa ndefu. Mwenzetu mmoja kang'ang'ania jukwaa, kama lile la nyambizi Makali'i kule Hawaii: nyambizi inafungwa juu yake, linakokotwa, wazamiaji wanalizamisha chini ya mawimbi ndipo wanaifungua. Mngechagua lipi?

MvuviTanga: JAGO, nyambizi ya utafiti, ilikuwa hapo hapo Kiel, mkuu. Tani tatu, ndiyo iliyowafuata silikanti, wale samaki wa kale, Komoro, nayo ilishushwa kwa kreni. Trela sawa, ila pima kina mwisho wa rampu. Boti ya faiba inaelea maji ya mapajani. Nyambizi karibu mwili wote uko chini, utarudi nyuma mpaka gari linywe maji. Huku Tanga ungengoja bamvua, maji makuu, lijae. Bahari ya Baltiki hakuna kujaa wala kupwa kwa kuhesabika, rampu ilivyo ndivyo ilivyo.

Serahangi: Kreni nzuri bandarini, maji yakiwa shwari. Kukiwa na wimbi, mkanda wa kreni unalegea, wimbi likishuka unakaza kwa kishindo. Nimeona pini ya shakeli, ile pingu ya chuma ya kuungia mkanda, ikipinda kama msumari, na ile ilikuwa boti tupu ya tani moja.

BiNahodha: Mbona wote mnazungumzia kushusha? Kurudi ndiko kunakoua. Agosti 1973, nje ya Ireland, nyambizi Pisces III ilishaibuka, inangoja kuvutwa. Kamba ikanasa kifuniko cha tufe la nyuma, kikang'oka, maji yakajaa, ikaenda chini mita 480 na watu wawili ndani. Walitolewa baada ya saa 76. Kushusha nako kuna yake: nyambizi Alvin ya Marekani, 1968, nyaya zilikatika ikishushwa, kifuniko kiko wazi. Watatu waliponea chupuchupu, chombo kikazama mita 1,500. Walipokiopoa mwaka uliofuata, sandwichi zilikuwa bado zinalika!

Kwa hiyo mkivuta, amari, yaani kamba ya kuvutia, iwe ndefu, katikati ifungwe boya isizame ikanasa kitu. Na mvute polepole, mwendo wa noti (maili za bahari kwa saa) mbili tatu, ukikimbia omo, pua ya chombo, inapiga mbizi yenyewe.

MvuviTanga: Na ndani asikae mtu wakati wa kuvuta.

BiNahodha: Hapo sikubaliani nawe, mwanangu. Ikianza kuinama nani atapuliza hewa kwenye matangi ili ielee? Akae mmoja, kifuniko kimefungwa, redio mkononi.

Serahangi: Jukwaa je? Naona ni chombo cha pili cha kujenga, na wazamiaji wa kulipa kila safari.

FundiKiel: Jukwaa limekufa, mwenye wazo kanuna. Leo nimeenda na mti kupima: mwisho wa saruji ni mita 1.9, nyambizi juu ya trela inataka 1.7. Narefusha mkono wa trela kwa bomba la mita tatu, gari libaki pakavu. Kuhusu mtu wa ndani, bado tunabishana hapa nani akae.