Vijana wetu wa Nyanda za Juu Kusini: wa kazi waelekee wapi, wa masomo wapi

Kutoka: mwanajumuiya, Lusaka

Kamwene ndugu zangu,

Maombi yanayotufikia sisi tunaoishi nje kutoka Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe yanafanana: "Kijana wangu amemaliza, naomba mumpokee." Kabla mzazi hajakata tiketi ya basi la Tunduma, mpakani na Zambia, tumweleze kwamba jumuiya mbili ambazo Tanzania imo hazimpi kijana haki zilezile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mlango wa kazi. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ina mlango wa masomo. Ugumu wetu sisi wa kusini ni kwamba majirani tunaowafikia kwa miguu, Zambia pale Nakonde na Malawi ng'ambo ya mto Songwe, hawamo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Itifaki ya SADC ya mwaka 2005 kuhusu watu kusafiri na kuishi nchi nyingine haijaanza kutumika mpaka leo. Mtanzania anaingia Zambia bila viza, sawa, lakini muhuri anaogongewa ni wa matembezi. Safari ya kibiashara ina siku 30 tu ndani ya miezi 12. Kuajiriwa kunataka kibali cha ajira, na mwajiri ndiye anayekisimamia. Kijana anayeuza duka Nakonde kwa muhuri wa matembezi siku ya msako hana cha kujitetea, na rekodi ile humfuata akija kuomba kibali halali. Tusimfiche mzazi hili hata kidogo.

Kwa Kenya, Uganda au Rwanda mambo ni tofauti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza 1 Julai 2010. Mwenye mkataba wa kazi wa zaidi ya siku 90 anaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na mamlaka inatakiwa kukitoa ndani ya siku 30, kwa muda wa kuanzia usiozidi miaka 2. Wengi wanakwama kwa sababu kila nchi iliweka orodha yake ya kada ilizozifungulia. Kijana aangalie kwanza kama kazi yake imo, ndipo atume maombi.

Wahitimu wa uhandisi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya: yapo makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi ya 2012 kati ya Tanzania, Kenya na Uganda. Lakini kinachotambuliwa ni usajili wa mhandisi mtaalamu. Digrii peke yake haitoshi. Aanze na Bodi ya Usajili wa Wahandisi nyumbani.

---

Kutoka: mwanajumuiya, Pretoria

Ahsante sana kaka. Naongezea ya masomo.

Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyosainiwa 1997, inataka vyuo vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine wanachama, na walipe ada kama wenyeji. Hapa Afrika Kusini vyuo vingi vya umma vinaifuata kwenye ada, ila vinaweka tozo ya mwanafunzi wa nje na mara nyingi vinataka sehemu kubwa ya ada ilipwe kabla ya usajili. Familia iliyopiga hesabu ya ada tupu inaishiwa hapo hapo.

Kalenda nayo inawaponza. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, matokeo Julai. Mwaka wa masomo hapa unaanza Februari, na vyuo vingine vinafunga maombi kabla ya Septemba. Kijana aombe kwa matokeo ya kidato cha nne na barua ya shule, kisha atume ya sita yakitoka. Wakati huohuo ashughulikie cheti cha kutambua sifa za kujiunga na chuo kutoka bodi ya vyuo vikuu ya huku, na barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, tume ya vyuo vikuu ya nyumbani.

Viza ya masomo inaangukia mahali pamoja mara kwa mara: bima. Bima ya safari ya kununua kwa wakala haikubaliki. Inatakiwa bima ya afya iliyosajiliwa Afrika Kusini, ilipiwe kwa muda wa masomo. Hati ya polisi na ripoti za daktari zisizidi miezi 6, kwa hiyo asizichukue mapema mno.

---

Kutoka: mwanajumuiya, Lilongwe

Wanangu, shikamooni kwa wakubwa na marahaba kwa wadogo. Mimi nasema majina.

Koo zetu zinaumia hapa. Cheti cha kuzaliwa kina "Mwaky-", cheti cha mtihani cha NECTA kina "Mwaki-", NIDA ya vitambulisho vya taifa imeandika jina la babu mwisho, pasipoti ikafuata NIDA. Karani wa chuo anaona watu wawili. Cheti cha mtihani ndicho kigumu kuliko vyote kubadilika, basi vingine vyote vikifuate hicho, na virekebishwe kabla ya kuomba pasipoti. Pasipoti ni shilingi 150,000, kuirudia ni hasara. Tofauti ya herufi moja hutulizwa na hati ya kiapo kwa wakili. Kubadili jina zima kunataka hati iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

---

Kutoka: mwanajumuiya, Nairobi

Mama, marahaba nimeipokea. Langu ni la wanaobaki nyumbani, maana si kila kijana lazima avuke.

Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na vijana wana asilimia 4 humo. Kikundi kiwe na watu wasiopungua 5, katiba, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Tunaotuma mtaji kutoka nje, tusiandikishe majina yetu kwenye kikundi. Maafisa wa halmashauri wakija kukagua mradi wa parachichi Rungwe au viazi Makete, wanachama wanatakiwa kuonekana pale shambani.

Na kura haipigwi ubalozini. Anayetaka kupiga awe nchini, kwenye kituo alichojiandikisha. Kijana anayehamia mkoa mwingine ahamishe taarifa zake daftari la wapiga kura linapoboreshwa, akisubiri wiki ya uchaguzi amechelewa.