Naombeni ushauri: Nambi wetu wa angani anarudi kuchukua punje za ulezi, na hakuna anayemwamini

Mwandishi_Soroti
Habari zenu wadau. Mimi ni mtoto wa kambini, Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Sasa naishi Soroti na naandika muswada wa filamu ya dakika 40 na kikundi chetu cha vijana. Tumeichukua hadithi ya Kintu na Nambi, ile ya Waganda kuhusu mtu wa kwanza na mkewe, tukaipeleka angani. Ggulu anatawala kituo kikubwa kinachoizunguka sayari, Nambi ni bintiye na ni rubani, Kintu ni mtu wa chini aliyepandishwa huko kupewa majaribu kabla ya kuoa. Sayari yenyewe tutaipigia picha kwenye mawe ya Nyero, kule Kumi.

Hadithi mnaijua. Ggulu anawaambia waondoke alfajiri, Walumbe, kaka yake Nambi ambaye ndiye kifo, asijue, na wakisahau kitu wasirudi. Njiani wanakumbuka wamesahau punje za ulezi, chakula cha kuku wao. Nambi anarudi, Walumbe anamwona, anamfuata hadi chini, na ndiyo maana watu tunakufa.

Juzi tulisoma muswada kwa sauti. Tulipofika hapo, msichana anayeigiza Nambi aliweka karatasi chini akaniuliza: "Mimi ni rubani. Baba ameniambia kaka yangu ni kifo. Halafu narudi kwa sababu ya chakula cha kuku?" Nilikosa jibu, na siku tatu hizi sijalala vizuri. Tatizo la pili ni Kintu. Anashinda majaribu yote, lakini mwishoni ni yule yule wa mwanzo. Kukiondoa kisa cha ulezi siwezi, maana bila hicho si hadithi yetu tena. Nifanyeje?

VJ_Busia
Ndugu, mimi ni VJ, natafsiri filamu kwa maikrofoni kwenye kibanda cha video, najua mahali hadithi inapovuja. Watu wakielewa wananyamaza. Wasipoelewa, benchi la nyuma linapaza sauti, "Kwa nini?", na hapo inabidi nitunge sababu kwenye maikrofoni. Kila ninapotunga, ujue kuna kitu mwandishi alikiruka.

Angalia Star Wars ya 1977. Luke analenga tundu dogo kabisa na kompyuta ya kulengea ameizima. Kibandani hakuna anayeuliza, kwa sababu kwenye mkutano wa marubani kabla ya vita alishasema kwamba kwao alizoea kupiga wanyama wadogo wa ukubwa kama huo. Sentensi moja tu, lakini ilitangulia.

Kwa hiyo kuku asije kutajwa njiani. Tumwone mwanzoni kabisa. Nambi amemlea tangu yai, anamlisha kiganjani, na kule kituoni hana rafiki mwingine. Na njaa ya kuku tuione kwa macho: anadonoa sakafu ya chuma, tok, tok, na hakuna punje.

Fundi_Mukono
Niongezee upande wa mitambo. Nafanya kazi za mawasiliano huku Mukono, na Mpoma ndiko kulikuwa na kituo cha kuongozea PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2022. Chombo kikiwa juu kama kilomita 400 hivi, kinaizunguka dunia kwa takriban dakika 90, lakini ukiwa umesimama mahali pamoja unakipata kwa dakika kama 10 tu kikipita vizuri. Kikishazama kwenye upeo wa macho, umekikosa, subiri zamu nyingine.

Wewe tumia hilo. Nambi ameshashuka, kituo cha baba yake kinapita juu mara moja, anaomba ruhusa, mawasiliano yanakatika kabla hajajibiwa. Na mafuta yawe ya safari moja tu ya kwenda na kurudi. Kama tangi limejaa, kurudi hakumgharimu chochote na sisi hatutaogopa.

Mama_Wawili_Arua
Mwanangu Fundi, hesabu zako nzuri, ila hapo kwenye mawasiliano kukatika nakataa. Unampa Nambi kisingizio. Kosa likiwa la redio, yeye atajifunza nini? Baba ajibu, na jibu lisikike wazi: usirudi. Halafu arudi kwa miguu yake.

Sasa Kintu. Wako wanaosimulia kwamba aliyerudi ni yeye, lakini muache Nambi arudi, maana dawa ya Kintu iko kwenye majaribu. Hebu yatazame moja moja. Chakula cha watu mia, kikamezwa na shimo la sakafuni. Jabali la kupasua, likawa tayari na nyufa. Mtungi wa umande ukajaa wenyewe. Ng'ombe wake akaonyeshwa na nyuki. Huyu kijana amefundishwa kwamba ukikaa kimya, msaada unakuja. Kwa hiyo Nambi anapogeuza chombo, Kintu yupo kiti cha pembeni, anajua ni kosa, na ananyamaza. Anasubiri nyuki.

Kukua kwake kuanzie watoto wanapoanza kufa. Hapo anapanda mwenyewe kwa Ggulu, bila wa kumsaidia, na kufungua kinywa. Ndipo anapewa Kayikuuzi, kaka mwingine wa Nambi, aje kumkamata Walumbe.

Fundi_Mukono
Mama, nimekubali. Baba ajibu. Zile dakika 10 zibaki, ila zitumike kubishana.

Mwandishi_Soroti
Asanteni sana, shikamoo Mama. Nimeandika usiku kucha. Baba anasema "usirudi" mara mbili. Nambi anazima redio kwa mkono wake. Kamera inakwenda kwa Kintu: anafungua mdomo, anatazama dirishani kama anayetafuta kitu kinachoruka, anaufunga. Sauti pekee ni kuku akidonoa chuma.

Halafu nikaona kitu ambacho sikukipanga. Kule Ttanda, mahali Walumbe alipojificha ardhini, Kayikuuzi aliagiza watu wote wakae kimya, watoto wakamwona Walumbe wakapiga kelele, naye akarudi ardhini. Kintu alinyamaza palipohitaji sauti, watoto wakatoa sauti palipohitaji kimya. Nitaiweka iwe tukio la mwisho, bila mtu kuieleza.

Jumamosi tunasoma tena. Kuku tumeshaazima kwa jirani, na msichana wetu ameanza kumlisha kiganjani ili amzoee.