Tozo ya mifereji tunalipa kila msimu, mtaro wa kutolea maji umekufa. Hela zinakwenda wapi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mimi ni mkulima wa mpunga huku vijijini Dodoma, ukanda wa mto Bubu. Majaruba yangu, yaani vipande vya shamba vya mpunga, yako mkiani mwa skimu ya umwagiliaji, pale maji yanapomaliza kazi na kutafuta njia ya kutoka. Jina la skimu siliweki kwa sababu ninaowalalamikia ndio naishi nao, lakini mwenye mpunga huku akisoma atajua nazungumzia nini.

Watu wakisikia Dodoma wanawaza ukame tu. Ni kweli mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka tunapata kama milimita 500 hadi 600. Lakini inavyoshuka ndiyo shida. Inakata wiki nzima, watu wanaanza kulia na mahindi yao, halafu inapiga usiku mmoja na kulipokucha bonde lote ni ziwa. Na sisi tuko kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuzamisha mkono mpaka kiwiko. Ukilowa unavimba, nyufa zinajifunga, maji yanasimama juu. Hayazami. Pa kutokea ni mtaro peke yake.

Sasa njooni muuone huo mtaro. Zamani mtu mzima akiingia ndani humuoni. Leo mbuzi wanauvuka bila hata kuruka. Katikati ya njia ya maji kumeota matete, na sehemu moja mtu kapanda miwa juu ya tope, imestawi vizuri kabisa, na hakuna kiongozi aliyemwambia ang'oe. Kalavati la pale barabarani limebaki na uwazi wa kama shibiri moja kwa juu, kwingine kote ni mchanga. Maji ya skimu nzima mnataka yapite hapo?

Mpunga unahitaji maji, hilo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba ukikaribia kuvuna lazima uyatoe, kama wiki mbili kabla, ili ardhi ishike na punje zikauke pamoja. Sisi wa mkiani hatuwezi. Tukifungua jaruba, maji ya mtaroni ndiyo yanaingia ndani badala ya ya kwetu kutoka. Mpunga unalala, masuke yanagusa maji, punje zinachipua zikiwa bado kwenye bua. Kombaini haiingii, ikiingia inazama, kwa hiyo unakodi vibarua wa kukata kwa mundu na bei wanapanga wao kwa sababu wanakuona umebanwa. Ukifika kwa mnunuzi anatia mkono kwenye gunia, anasema mbichi, anakata kilo. Jirani yangu wa juu kavuna wiki ileile, mbegu ileile, kauza bei kamili. Na kiangazi majaruba ya chini yanapiga weupe wa chumvi, kwa sababu maji yanayosimama yanakauka na kuiacha palepale. Kuna vipande watu wameshavitelekeza.

Mniambie ni mipango ya Mungu? Tozo tumelipa! Gunia la mpunga kwa kila ekari, linapimwa palepale shambani kabla hujabeba lako, usipotoa msimu ujao unafungiwa maji. Wa juu anatoa gunia, wa mkiani anatoa gunia. Likishaingia ghalani, kinachotengenezwa ni banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na mfereji mkuu wa kuingiza maji. Kila mwaka hao hao. Geti linapakwa rangi, mfereji unasakafiwa, wageni wakija wanapelekwa pale wanapiga picha. Mtaro wa kutolea hauna mgeni. Nimeomba kuona kwenye daftari mstari mmoja tu ulioandikwa matengenezo ya mitaro ya kutolea, na kiasi chake. Naambiwa vyote vimeandikwa "mifereji". Posho za vikao lakini zina mstari wake, tena unasomeka vizuri sana!

Na msimu uliopita ndipo waliponimaliza. Baada ya kelele nyingi kikaletwa kijiko cha kukodi, ile mashine ya kuchimbia. Tukashangilia. Mtaro wa kutolea maji husafishwa kuanzia mdomoni, kule unakomwaga, unapanda nao kwenda juu, ili kila unapochimba maji yawe na pa kwenda. Hili hata mchunga ng'ombe analijua. Wao wakaanzia juu, kwenye mashamba ya wakubwa wa chama chetu cha umwagiliaji, na hela ya mafuta ikaisha kijiko hakijafika hata nusu ya njia. Matokeo yake juu mtaro uko wazi, maji yanashuka kwa kasi na tope lake, yanakuja kukwama kwetu. Walichofanya ni kuhamisha mafuriko kutoka kwao kuleta kwetu, na hela yetu ndiyo imelipia.

Halafu hata hicho kipande kilichochimbwa, kuta zimekatwa wima kama ukuta wa nyumba. Udongo wa mbuga huwezi kuukata wima, ukilowa unamomonyoka wote, lazima kingo zilazwe. Na tope likamwagwa ukingoni kabisa. Mvua ya kwanza limerudi ndani. Kila fundi niliyemuuliza ananiambia tope linasogezwa mbali, linasambazwa, na kingo zinaoteshwa nyasi. Nani alisimamia ile kazi? Nani alisaini kwamba imekamilika?

Ukienda kuuliza unazungushwa. Chama kinasema kalavati ni la watu wa barabara. Wa barabara wanasema wao wanatunza barabara, mtaro ni wa umwagiliaji. Halmashauri inasema skimu ilishakabidhiwa kwa wakulima. Tukasema basi tujichimbie wenyewe mdomo wa mtaro pale mtoni, tukaambiwa tukae mbali, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, tukaombe ruhusa ya bodi ya maji ya bonde. Sawa, sheria naiheshimu. Lakini mwenye wajibu wa kuiomba hiyo ruhusa ni uongozi unaopokea magunia yetu, na barua haijaandikwa mpaka leo.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hela ya umwagiliaji nchi hii ipo. Bajeti ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ilitoka shilingi bilioni 46 na ushee mwaka 2021/22 ikapanda hadi zaidi ya bilioni 361 mwaka 2022/23. Sheria ya Umwagiliaji ya 2013 imeweka na Mfuko wa Maendeleo ya Umwagiliaji. Mabwawa yanajengwa, skimu mpya zinazinduliwa, na mimi naunga mkono. Lakini mchanga hausubiri mradi. Vilima vya Kondoa vilishamomonyoka kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 kuhifadhi ile ardhi, na maji ya Bubu yanapita huko huko. Mchanga utakuja kila masika. Skimu isiyotenga hela ya kuzoa tope kila kiangazi inakufa ikianzia mkiani, na wa juu wasidhani haitawafikia.

Ninachotaka hakihitaji mfadhili. Tozo igawanywe, fungu la mitaro ya kutolea likae peke yake na lisiguswe kwa banio wala kwa vikao. Kazi ifanyike Agosti mpaka Oktoba, ianzie mdomoni. Wa mkiani tupate watu wawili kwenye kamati, tusaini sisi kabla kijiko hakijalipwa. Mapato na matumizi yabandikwe ghalani kwa tarakimu. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, kwetu unaitishwa kukiwa na mgeni au uchaguzi.

Na habari ya nguvukazi msinianzie. Tunaitwa na majembe, wa mkiani tunatokea na wake zetu na watoto, wa juu wanatuma kibarua mmoja au wanalipa faini na kubaki nyumbani. Tope lililojaa kimo cha mtu halitolewi kwa jembe.

Kwa walioko Mbarali, Lower Moshi, Kilombero na kwingine kwenye skimu za zamani: mitaro ya kutolea kwenu inahudumiwa kwa fungu gani, na mmeliandikaje kwenye katiba ya chama? Mwenye nakala ya kifungu aweke hapa. Tuna kikao kabla ya kuandaa mashamba na nataka niingie nacho mkononi.