Huzuni ni kemikali basi, au kila mtu na ukweli wake?

Msakatonge_wa_fikra: Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimekwama. Mwezi uliopita tumemzika bibi yangu, nalia pale jamaa mmoja wa sayansi ananiambia machozi ni maji na chumvi, huzuni ni kemikali za ubongo, basi. Mwingine akadakia eti hamna ukweli hapo, ni simulizi na kila mtu ana yake. Nikasoma soma, nikaona wa kwanza ni ridakshonizimu, yaani kueleza kila kitu kwa vipande vyake vidogo tu, wa pili usasaleo, yaani postmodernism, falsafa ya kutilia shaka madai ya ukweli mmoja wa wote. Sasa mbona wote wameniacha mikono mitupu? Bibi amekufa, hiyo sio simulizi.

Kizibo77: Pole sana mkuu. Mi naona utenganishe njia ya kutafiti na imani. Kuvunja kitu vipande vipande ili ukielewe ni njia halali kabisa, mwanafalsafa Descartes aliieleza tangu 1637, na imetufikisha mbali, leo tunajua joto la maji kwenye sufuria ni mwendo wa molekuli. Shida ni hilo neno "basi". Chukua molekuli moja ya maji, peke yake hailowanishi wala haichemki, hayo yanakuja zikiwa nyingi pamoja. Mwanafizikia Philip Anderson aliliandika hili 1972, kwamba hata ukizijua sheria za vitu vidogo kabisa haimaanishi utaanzia hapo uujenge ulimwengu wote, na huyo hakuwa mpinga sayansi, Nobel ya fizikia alipata 1977.

Binti_Hoja: Usasaleo nao unasingiziwa jamani. Mwanafalsafa Lyotard 1979 aliueleza kama kutoziamini simulizi kuu, zile zinazodai kubeba historia na maarifa yote kwa mkupuo mmoja. Kuhoji simulizi kuu sio kusema kila mtu ajitungie ukweli wake. Tena "kila kitu ni atomu basi" nayo ni simulizi kuu, ihojiwe.

Kizibo77: Ihojiwe sawa, ila kuwe na mahali pa kusimama dada. Mtu aliyeonewa anataka kusema hili lilitokea kweli, ukimwambia hiyo ni simulizi yako umemuonea mara ya pili.

Binti_Hoja: Hapo nakubali kabisa.

Msakatonge_wa_fikra: Asanteni sana, hilo "basi" ndo lililoniuma. Bibi alikuwa ananikuna kichwa taratibu mpaka nasinzia, kemikali zilikuwepo sawa, na yeye alikuwepo. Mwenye kuweza kunielezea hoja ya Anderson kwa lugha nyepesi zaidi aendelee, nipo nasoma.