Chevrolet P30 ya 1978, injini 454: vifaa hivi vya moshi ni vipi?

Chesisi_454
Wakuu, naomba msaada wa kutambua vifaa. Gari-nyumba ni Chevrolet P30 ya 1978, injini 454 ya petroli, kabureta ya Quadrajet. Ipo Sacramento na inatakiwa ipite ukaguzi wa moshi wa California. Kibandiko chenye mchoro wa mipira kimeungua, na aliyekuwa nayo mwanzo ameziba mipira mingine kwa skrubu. Ukitoa kifuniko cha injini kati ya viti vya mbele unakuta:

A: pampu ya alumini inayozungushwa na belti. Mpira mnene unatoka hapo hadi kwenye kidude cha bati, kisha unagawanyika kwenda kwenye paipu za chuma za eksozi, kila upande. Kidude hicho kina kichuchu chembamba, mpira wake umezibwa.
B: kitu kama uyoga karibu na kabureta, bolti mbili, mpira mmoja mwembamba.
C: kipande cha shaba kwenye njia ya maji, vichuchu vitatu vya plastiki, kimoja kimevunjika.
D: kopo jeusi la plastiki kwenye chesisi, mipira mitatu, linanuka petroli.

Dalili: ukiachia mafuta kwenye mteremko, eksozi inalipuka. Ukishikilia mwendo kwa mafuta kiasi, injini inagonga.

Spana13
Ng'oa A na B, ziba matundu, maisha yaendelee. Mzigo tu huo.

KaburetaSafi
Usimsikilize. California imesamehe petroli za 1975 kurudi nyuma. Ya 1978, hata gesi zikisoma vizuri, kifaa kikikosekana unafeli. Na pampu yenyewe haili nguvu ya kuhisika.

A ni mfumo wa AIR. Pampu inasukuma hewa kwenye matundu ya eksozi ili petroli iliyobaki imalizikie kuungua humo. Kidude cha bati ni valvu ya kugeuza hewa, na chanzo cha mlipuko wako ni hapo. Ukiachia mafuta ghafla, vakyum (mvuto wa hewa ndani ya injini) inapanda na petroli nyingi inapita bila kuungua. Ikikutana na hewa ya pampu kwenye eksozi yenye moto, inalipuka. Kazi ya valvu ni kuimwaga hewa nje kwa muda mfupi, lakini inasubiri ishara kupitia ule mpira mwembamba. Umezibwa, kwa hiyo haijui kitu. Toa skrubu, weka mpira mpya, uunganishe na vakyum ya manifodi (paipu za kuingizia hewa kwenye injini) moja kwa moja, sio kichuchu cha kabureta kilicho juu ya bamba la mafuta. Kupima: kanyaga, achia ghafla, mkono ukiwa kwenye tundu la kutolea hewa. Utahisi upepo kwa sekunde moja au mbili, kisha unakata.

Kabla ya kufurahi, kagua valvu za njia moja, pale mpira unapokutana na paipu ya chuma. Injini ikiwa baridi, vua mpira, puliza kwa mdomo kuelekea eksozi: hewa ipite. Vuta: isirudi. Ikirudi, gesi ya moto inaunguza mipira na mwisho inaua pampu. Ukizifungua, shika paipu kwa spana ya pili. Chuma cha umri huo kimeshikana kwa kutu, na ukilazimisha unapinda paipu nzima. Pampu usiitie oili, na ukiosha injini ifunike. Feni ya plastiki nyuma ya puli ndiyo chujio lake, usiichokonoe.

MpiraWaVakyum
Naongezea zilizobaki.

B ni valvu ya EGR, inarudisha gesi kidogo ya eksozi ndani ili joto la mwako lishuke. Isipofanya kazi, injini inagonga hivyo unavyosema. Nabashiri mpira wake unaishia kwenye C, kwenye kichuchu kilichovunjika. C ni swichi ya joto: injini ikiwa baridi inakata vakyum ya EGR, ikipata moto inafungua. Nunua nyingine, na mipira ya zamani usiivute, ipasue kwa wembe kwa urefu. Kuvuta ndiko kunakovunja vichuchu.

Kupima EGR: injini imepata moto, inanguruma bila kukanyagwa. Unganisha pampu ya mkono ya vakyum, yenye geji, vuta inchi 10 hadi 15 za zebaki. Injini itetemeke au izime. Geji ikishuka yenyewe, dayaframu (utando wa ndani unaovutwa na vakyum) imepasuka. Ikishika na injini isibadilike, njia zimejaa masizi. Fungua, ziba tundu la manifodi kwa kitambaa, kwangua kwa brashi ya waya. Usiilowanishe kwenye dawa ya kusafishia, inaharibu dayaframu. Gasketi iwe mpya.

D ni kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tanki na kabureta. Harufu maana yake mkaa umelowa, au mpira wa kunyonya mvuke umezibwa. Fuatilia huo kwanza.

Chesisi_454
Shukrani wakuu. Mpira wa B kweli unaishia kwenye kichuchu kilichovunjika. Namba iliyogongwa juu ya EGR inaishia na herufi P.

MpiraWaVakyum
Basi kipimo changu hakikufai hivyo hivyo. P ni aina inayotegemea msukumo wa gesi za eksozi. Bila msukumo huo inavujisha vakyum kwa makusudi, na utadhani dayaframu imekufa. Mwenzako akanyage mafuta kidogo, vakyum ikiwa imeunganishwa, wewe tazama shina likipanda chini ya kofia. Ukinunua nyingine, herufi ilingane.